UFAFANUZI KUHUSU TOVUTI ZA NYUMBANI NA HIFADHI YA FARAGHA

Wananchi wanaoendesha tovuti kwa kompyuta zilizomo majumbani mwao wanaarifiwa kwamba utaratibu huo, ingawa una nafuu ya gharama, huiweka wazi anwani ya nyumba katika intaneti.

Uchukuliwe mfano wa mkulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, Mkoani Morogoro, atangazaye bei za mboga kwa tovuti iliyomo katika kompyuta ya sebuleni kwake. Kila mnunuzi aifunguaye huifikia moja kwa moja anwani ya intaneti ya nyumba hiyo. Anwani hiyo hudhihirisha kampuni inayotoa huduma na, mara nyingi, mji wa karibu. Mwenye nia mbaya aweza pia kuipelekea maombi mengi kwa pamoja hata mawasiliano ya nyumba nzima yakakwama.

Dawa yake hufanana na Sanduku la Posta. Barua hufika S.L.P. mjini, wala aliyeiandika hajui njia ya kupandia mlimani. Vivyo hivyo, mwenye tovuti hukodi seva ndogo iliyo mbali, na jina la tovuti huelekezwa huko. Kompyuta ya nyumbani ndiyo huanza kuita seva na kufungua njia ya siri, kwa programu kama WireGuard. Wageni hupokewa na seva, na maombi yao hupitishwa katika njia hiyo. Hakuna mlango unaofunguliwa nyumbani. Utaratibu huu hufaa khasa penye mitandao ya simu, ambako wateja wengi hushirikishwa anwani moja na kompyuta zao hazifikiki kutoka nje.

Hata hivyo, yazingatiwe haya:

(a) Ufunguo wa siri wa tovuti ukiwekwa kwenye seva, mwenye seva aweza kuyasoma yapitayo. Ni salama zaidi ubaki nyumbani.

(b) Anwani ya nyumba iliyokwisha kutangazwa huweza kubaki katika kumbukumbu za wengine. Kampuni ya huduma iombwe anwani mpya.

(c) Njia hiyo ni ya jamii ya VPN. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaoitumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Mawasiliano ya simu ni jambo la Muungano, hivyo suala hili linahusu Bara na Visiwani.

Ifahamike kuwa seva huificha nyumba kwa wapita njia, wala haimfichi mwenyewe mbele ya sheria. Mwenye shaka anashauriwa kuiuliza Mamlaka kabla ya kuanza.