Mbegu za Fahali Katika Baridi Kali: Jambo Liwahusulo Wafugaji wa Eldoret

Kila mfugaji wa Uasin Gishu ajua kwamba ng'ombe wa maziwa atakaye dume, asipopandishwa kwa wakati wake, hungojewa siku 21 nyingine, na siku hizo ni hasara. Wengi kandokando ya mji wa Eldoret hawafugi fahali tena. Humwita mtaalamu, naye huja na chombo kinachofuka moshi mweupe kikifunguliwa. Ndani yake mna mbegu za fahali ambaye pengine yuko Kabete, zaidi ya kilometa 300 kutoka hapo, au amekwisha kufa zamani. Yafaa tueleze jambo hili limewezekanaje, maana alifahamuye hatadanganyika upesi.

Kupandisha ng'ombe bila dume kulianza Kenya katika miaka ya 1930, hasa ili kuzuia magonjwa yanayoenezwa na fahali, na kituo cha Kabete kikaanzishwa mwaka 1946. Lakini siku hizo mbegu zilipozwa tu, nazo hazikudumu ila siku chache. Kuzigandisha kulikuwa ni kuziua: maji yakigeuka barafu, chumvi hubaki katika maji machache yaliyosalia ikawa kali mno, na barafu yenyewe huharibu utando wa mbegu.

Waliofungua mlango ni Bwana Christopher Polge, Bibi Audrey Smith na mkuu wao Bwana Alan Parkes, wa maabara ya Mill Hill, London. Walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo katika maji ya sukari, bila kufanikiwa. Kisha chupa moja iliyokuwa imehifadhiwa ikaleta ajabu: mbegu zilipoyeyushwa zikaanza kuogelea. Sukari mpya haikufanya hivyo. Chupa ile ilipopimwa ikaonekana haina sukari hata chembe. Ilikuwa na gliserini, ile ile ambayo watu hujipaka ngozi ikikauka. Vibandiko vya chupa vilikuwa vimebadilishwa. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1949, na mwaka 1951 akazaliwa ndama wa mbegu za fahali zilizogandishwa. Wengine huiita bahati, lakini mtu mvivu wa kuuliza angaliimwaga chupa ile.

Hapo kwanza ilitumika barafu ya hewa ya kaboni, yenye baridi ya nyuzi 79 chini ya sifuri. Baadaye naitrojeni ikaonekana bora. Hiyo twaivuta kila siku, kwani katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni. Mitambo huibana na kuipoza hata ikawa maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo uhai husimama kama saa isiyotiwa ufunguo, na mbegu hukaa makumi ya miaka.

Lakini naitrojeni huchemka ikapungua kidogo kidogo, hata chombo kikiwa na kifuniko. Ikiisha, mbegu hufa, wala mrija hauonyeshi alama: wa mbegu zilizokufa na wa mbegu zilizo hai hufanana kama mapacha. Mfugaji hulipa, hungoja, kisha humlaumu ng'ombe wake. Si utovu wa adabu basi kumwomba mtaalamu apime mbele yako. Hutumbukiza kijiti, hukitoa na kukipunga hewani, na ukungu wa barafu ushikao kijitini huonyesha naitrojeni imefika wapi. Tazama pia kama ana kipimajoto, kwa maana mrija huyeyushwa katika maji ya nyuzi 35 hadi 37, kwa nusu dakika au zaidi kidogo.

Chombo hicho kina hatari nyingine. Lita moja ya naitrojeni ya maji hutoa karibu lita 700 za hewa, nayo ndani ya chumba kilichofungwa huisukuma oksijeni nje. Kinachotufanya tutwete ni hasa hewa ya kaboni ikirundikana mwilini, si upungufu wa oksijeni. Na avutaye naitrojeni huendelea kuitoa kaboni kama kawaida. Hasikii kukabwa, huanguka tu. Tena Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi tangu asili. Kwa hiyo chombo huwekwa mahali penye upepo, na mwenye kukisafirisha garini hushusha vioo, hata asubuhi ya baridi ya Julai.