Tumpe Binti Ufunguo: Tuliyojifunza Kharumwa



Wapendwa wasomaji, wengi mnajua kwamba likizo ya frateri si ya kulala nyumbani tu. Sehemu yake ni ya uchungaji, na likizo iliyopita sisi watatu tulipangiwa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita. Ni mji mdogo unaokua haraka, wenye mashamba ya mpunga upande mmoja na mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu upande mwingine. Tuliombwa tuongoze semina ya vijana ya siku tano, na mada kuu ilikuwa kuwajengea wasichana ujasiri na uwezo wa kuongoza. Tulijiandaa vizuri, au tulidhani hivyo.

Siku ya kwanza tuliwagawa vijana katika makundi sita, tukaomba kila kundi lichague mwenyekiti na katibu wake. Makundi yote sita yalileta mwenyekiti mvulana. Makatibu watano walikuwa wasichana, kwa sababu, tuliambiwa, "wana mwandiko mzuri". Tuliandika majina, tukaendelea na somo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tatizo. Siku ya tatu, wakati wa chai, msichana mmoja wa kidato cha pili alitufuata akiwa na kikombe mkononi. Akasema, "Frateri, mnatufundisha uongozi sisi, lakini wanaoongoza ni wao. Sisi tutaongoza lini?"

Mmoja wetu alijibu, "Mtaongoza tu." Lilikuwa jibu la mtu aliyekamatwa.

Usiku ule hatukulala mapema. Mwaka huo tulikuwa tumesoma kitabu cha Siasa cha Aristotle, na kuna sehemu katika kitabu cha kwanza ambayo wengi wetu huisoma haraka kwa sababu inatuonea aibu. Anasema kwamba mtumwa hana uwezo wa kutafakari na kuamua, mtoto anao lakini haujakomaa, na mwanamke anao lakini hauna mamlaka. Wataalamu wamebishana sana juu ya maneno hayo ya mwisho. Kama hauna mamlaka, ni kwa sababu gani? Je, ni kitu kilichomo ndani ya mwanamke mwenyewe, au ni kwamba akishaamua, wanaomzunguka hawauheshimu uamuzi wake? Darasani tulilichukulia kama swali la mtihani. Kharumwa lilitufuata hadi kitandani, maana yule msichana alikuwa ametafakari vizuri kuliko sisi watatu, na wazo lake halikuwa na mamlaka yoyote mpaka sisi tuamue kumsikiliza.

Tukiwa wanafunzi wa Aristotle, tunathubutu kusema kwamba alichokiona alikiona vizuri, ila sababu aliikosea. Aliona wanawake wenye akili ambao neno lao halikuwa na uzito, akadhani hayo ni maumbile. Mwinjili Luka aliona jambo lilelile asubuhi ya Pasaka. Wanawake waliotoka kaburini walikuwa na habari ya kweli kuliko zote zilizowahi kutangazwa, na mitume wakaiona kuwa ni upuuzi (Lk 24:11). Hapo kasoro ilikuwa kwa wasikilizaji. Ndiyo maana kila tunaposikia kwamba wasichana wa Kanda ya Ziwa "hawajiamini", tunapenda kuuliza kwanza: wapi, na mbele ya nani?

Kwa maana ujasiri wanao. Nenda sokoni asubuhi, au pembeni ya makarasha ambako mawe ya dhahabu husagwa, ukawaangalie mabinti wanaouza uji, maandazi na wali kwa wachimbaji. Binti wa miaka kumi na minne anasimama mbele ya mwanamume mwenye vumbi mpaka kwenye kope na kumwambia, "Jana hukulipa, leo hupati." Madeni ya watu ishirini yapo kichwani mwake. Anajua nani ameuza dhahabu juzi na nani anadanganya. Jioni hiyohiyo, binti huyohuyo akiombwa kutoa nia kwenye jumuiya, anafunika mdomo kwa kanga na kumsukuma mwenzake kwa bega. Hajapoteza ujasiri kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni. Amehama tu kutoka mahali ambapo neno lake lina matokeo kwenda mahali ambapo halina.

Lugha nayo ina sehemu yake, na hili husahaulika. Watoto wengi wa vijiji vya Nyang'hwale wanaanza maisha kwa Kisukuma. Shule ya msingi wanakutana na Kiswahili, na wanapokizoea tu, kidato cha kwanza kinageuka kuwa Kiingereza. Mvulana akikosea Kiingereza darasani anachekwa, kisha anacheka pamoja na waliomcheka. Msichana akichekwa mara moja, tulivyoona sisi, anaweza kunyamaza muhula mzima. Siku ya nne tuliruhusu makundi yajadili kwa Kisukuma. Mmoja wetu ni Mhaya na hakuelewa kitu zaidi ya "mwangaluka", lakini hata yeye aliona tofauti kwa macho. Mikono ilianza kunyooka.

Kuna na mambo mazito zaidi ya aibu. Wasukuma wanaijua desturi ya chagulaga. Vijana wa kiume humzunguka msichana, mara nyingi usiku baada ya ngoma au harusi, wakimwambia achague mmoja wao. Wazee wengine hutuambia zamani ilikuwa na adabu na mipaka yake, nasi hatukuwepo kubisha. Tunachokiona ni kwamba anaambiwa achague, na chaguo pekee asilopewa ni kusema hapana. Msichana aliyekulia mahali ambapo "hapana" yake haisikiki njiani, hatuwezi kumtegemea ghafla aseme kwa sauti kwenye mkutano wa parokia.

Na ndoa za mapema ni hivyohivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alitakiwa afikishe 18, na kwa idhini ya mahakama hata mwenye miaka 14 aliweza kufunga ndoa. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, alivipinga vifungu vya 13 na 17 Mahakama Kuu akashinda. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu ile. Tuliwasimulia mabinti kesi hiyo na wakaipenda kuliko mada zetu zote. Walichouliza zaidi si sheria ilisema nini. Waliuliza, "Alikwenda mwenyewe?" Ndiyo, alikwenda mwenyewe. (Na sisi tusijifiche: kanuni ya 1083 ya Sheria za Kanisa inataja miaka 14 kwa mwanamke kuwa ndoa yaweza kuwa halali, ingawa inayapa Mabaraza ya Maaskofu nafasi ya kuweka umri mkubwa zaidi, na kanuni ya 1072 inawataka wachungaji wawazuie vijana kuoana kabla ya umri unaokubalika mahali pao. Somo hilo tutalifikia teolojia, lakini mabinti hawatusubiri tufike.)

Basi ujasiri unajengwaje? Hapa tunarudi kwa Aristotle, safari hii akiwa upande wetu. Anafundisha kwamba fadhila haipatikani kwa kuisikia ikielezwa. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa jasiri kwa kutenda mambo ya ujasiri. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipokea fundisho hilo, na kila frateri analijibu kwenye mtihani. Sisi tulikuwa tumelijibu, tukapata alama nzuri, kisha tukaenda Kharumwa kuwahutubia wasichana siku tatu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi.

Siku ya nne asubuhi tulibadilisha. Semina ilikuwa na sanduku la bati lenye fedha za chakula, mipira miwili, daftari za akiba na sabuni. Ufunguo alikuwa nao mmoja wetu. Tuliuliza nani anataka kuutunza. Kimya. Tukamkabidhi yule aliyetuuliza swali wakati wa chai, pamoja na daftari la mapato na matumizi, tukamwambia kwamba hakuna kitu kitakachotoka humo bila yeye, hata kwa frateri. Halafu tukabadilisha uenyekiti wa makundi, matatu yakaongozwa na wasichana. Wenyeviti wawili waliopokonywa nafasi walinuna hadi mchana. Mmoja alikuja baadaye kuomba radhi, mwingine hakuja.

Mambo hayakwenda vizuri yote. Kundi moja lilimaliza muda bila kufikia hata nukta ya pili, kwa sababu mwenyekiti mpya aliogopa kumkatiza mvulana aliyekuwa akisema bila kukoma. Na jioni hesabu ya fedha ilipungua shilingi elfu mbili. Tulishawishika sana kuchukua daftari na kurekebisha wenyewe. Tukijizuia ndipo tulipoona jinsi tulivyozoea: mvulana akikosea tunasema anajifunza, msichana akikosea tunasema hawezi. Tulimwacha atafute. Alipitia kila mstari kwa tochi ya simu, akakuta kwamba kuni za siku hiyo zililipiwa lakini hazikuandikwa.

Kazi yenyewe lazima iwe ya kweli. Katika parokia nyingi tulizopita wasichana wana vyeo, lakini vyeo vya kupanga maua, kupokea wageni na kuandika kumbukumbu za yale waliyoamua wengine. Hatudharau maua. Ila anayeshika ufunguo, fedha au ratiba ndiye anayelazimika kuamua, na kuamua ndiko kunakokomaza. Kanisa limeshafungua milango ambayo sisi wenyewe huku chini tumeiegesha. Mwaka 1994 Idara ya Ibada ya Mungu na Nidhamu ya Sakramenti ilieleza kwamba askofu anaweza kuruhusu wasichana kutumikia altareni. Tarehe 10 Januari 2021 Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake Spiritus Domini, alibadilisha kanuni ya 230 ili wanawake nao waweze kupewa rasmi huduma ya usomaji na utumishi wa altare, na Mei mwaka huohuo akaweka rasmi huduma ya ukatekista kwa walei, wanaume kwa wanawake. Hapa nyumbani WAWATA wanaendesha miradi, wanatunza fedha na kuchaguana tangu 1972. Mama zetu wanaongoza. Kati ya Utoto Mtakatifu, ambako binti wa miaka tisa anasimama kusali kwa sauti, na WAWATA, ambako mama wa miaka arobaini anasimamia mradi, kuna pengo la miaka, na ni katika pengo hilo binti anafundishwa kunyamaza.

Tuliwasimulia pia juu ya Mama Gertrude Mongella. Alizaliwa mwaka 1945 kisiwani Ukerewe, Ziwa letu hilihili, akasomeshwa na masista wa Maryknoll. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake uliofanyika Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Tulitegemea wavutiwe na Beijing. Wao walivutiwa na Ukerewe, kwamba mtu wa kisiwani, ambako wengine wana shangazi, alifika huko.

Si wote waliofurahi. Baba mmoja, mzee mwenye heshima katika jumuiya yake, alitusubiri nje ya kanisa. Baada ya kutupokea shikamoo zetu akasema kwa upole, "Frateri, binti akizoea kusema mbele za watu, nani atamwoa?" Tukamuuliza, "Mzee, ukiwa shambani na mgonjwa akazidiwa nyumbani, nani anaamua apelekwe hospitali?" Akacheka, akasema ni mama. Alicheka, lakini hakukubali, na hatukumlazimisha. Hofu yake si ya ubaya. Anataka binti yake apate nyumba. Tunachoweza kumwomba kwa sasa ni kidogo: jioni moja kwa wiki binti asiwe mtu wa kwanza kuitwa kuchota maji, ili awahi mkutano wa vijana. Maana uongozi unataka muda, na binti wa Kharumwa anapomaliza maji, kuni, vyombo na mdogo wake mgongoni, kaka yake ameshakuwa mwenyekiti.

Siku ya mwisho, baada ya Misa, tulikwenda kuchukua nauli yetu kwenye sanduku. Lori la kwenda Kahama lilikuwa limeshapiga honi mara mbili. Yule msichana alikuwa amekaa juu ya sanduku, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga. Tukamwambia tuna haraka, tutaandika baadaye. Akatufungulia daftari, akatafuta mstari mtupu na kutupa kalamu.

"Sahihi kwanza, Frateri," akasema. "Wote watatu."