Namba ya Siri na Chombo cha Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata, kwa kuwa kata ndiyo iingiayo ndani. Methali hiyo yaeleza vizuri tabia ya namba ya siri ya fedha. Namba hiyo hukaa moyoni mwa mwenyewe, lakini kila siku ya kulipa haina budi kuingizwa katika chombo fulani. Na chombo kiipokeacho ndicho kiwezacho kuitunza au kuitoa nje. Kwa hiyo swali la kwanza la usalama si urefu wa namba, bali ni chombo cha nani kinachoipokea.

Tarehe 27 Juni 1967 benki ya Barclays ilifungua mashine ya kutolea fedha huko Enfield, London, nayo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza duniani. John Shepherd-Barron, aliyeongoza kazi ya kuitengeneza, alisimulia baadaye kwamba alikusudia namba iwe na tarakimu sita, lakini mkewe alimwambia kuwa yeye aweza kukumbuka nne tu. Nne zikashika. Tarakimu nne hutoa namba 10,000 zilizo mbalimbali; na mashine ikimfungia mtu baada ya kukosea mara tatu, mwenye kubahatisha hana tumaini kubwa, isipokuwa mwenye namba awe amechagua 1234 au mwaka wake wa kuzaliwa. Basi mwizi hodari habahatishi. Huchungulia vidole, au hukichezea chombo chenyewe.

Jambo hili lilidhihirika Uingereza, ambako tangu tarehe 14 Februari 2006 wanunuzi wenye kadi walitakiwa kubonyeza namba zao katika mashine ya dukani. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, yaani Saar Drimer, Steven Murdoch na Ross Anderson, walionyesha kuwa mashine za aina mbili zilizotumika sana nchini humo zaweza kutobolewa kwa kitu chepesi kama waya wa kibanio cha karatasi, na mazungumzo baina ya kadi na mashine yakasikilizwa, pamoja na namba ya siri. Mnunuzi asimamaye mbele ya mashine ya namna hiyo hana njia ya kujua kilichomo ndani yake.

Baadaye ilikuja kadi ya kulipa bila kugusa, ambayo husogezwa tu karibu na mashine, nayo huzungumza kwa mawimbi ya redio katika umbali wa sentimita chache. Kwa malipo madogo kadi hiyo haikudai namba yoyote. Kwa hiyo mtu yeyote aliyeiokota angeweza kuitumia. Ndiyo sababu iliwekewa kikomo: huko Uingereza kikomo hicho kilipandishwa kutoka pauni 30 hadi 45 mwezi wa Aprili 2020, kisha hadi 100 mwezi wa Oktoba 2021.

Simu ya mkononi ilileta suluhisho la kuunganisha mambo hayo mawili. Mwenye simu hubonyeza namba yake juu ya kioo cha simu yake mwenyewe, nayo simu huithibitisha humo humo ndani. Ndipo huisogeza karibu na mashine ya duka. Mashine haipewi namba ya siri. Huambiwa tu kwamba mwenyewe amekwisha kutambuliwa. Pamoja na habari hiyo hupokea alama ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya malipo hayo peke yake. Hata mtu akiinasa alama hiyo, haitamfaa kwa malipo mengine.

Afrika Mashariki ilizoea nusu ya mpango huu mapema. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, hata mwenye simu ndogo ya vibonyezo aliingiza namba ya siri katika simu yake, si katika mashine ya wakala. Namba haikupita mikononi mwa mwenye duka, ambaye alingoja ujumbe wa kuthibitisha tu.

Hata hivyo, chombo kuwa cha mwenyewe hakutoshi ikiwa mkono ni wa mwingine. Mzee asiyeona vizuri herufi za kioo humpa mjukuu simu na namba pamoja. Mwingine humnong'oneza wakala ili amsaidie. Wa tatu huitaja kwa mtu apigaye simu na kujidai kuwa mtumishi wa kampuni, ilhali mtumishi wa kweli hana haja ya kuambiwa namba hiyo. Katika hali zote hizo ufundi wa mashine haukushindwa. Siri ilitoka mlangoni.

Yafaa basi namba ya fedha isiwe ile ile ifunguayo simu, na jina la mpokeaji pamoja na kiasi visomwe kabla ya kubonyeza. Lakini wajibu si wa mtumiaji peke yake. Watengenezaji nao wanapaswa kuandika maagizo kwa Kiswahili chepesi na kwa herufi kubwa, na kuyatoa kwa sauti kwa wasioona au wasiojua kusoma. Mtu asiyeelewa aulizwalo na simu yake atatafuta wa kumsomea, naye msomaji huyo ataijua siri yake.