Kufungasha na Kufungasa: Istilahi za Kuhama kwa Lori la Kukodi

Katika shughuli za kila siku za wananchi, kuhama ni jambo la kawaida. Mtumishi wa serikali hupata uhamisho, mwalimu hupangiwa shule mpya, mfanyabiashara hufuata soko. Kila anayehama hukabiliwa na mambo yale yale: vyombo kufungwa, lori kutafutwa, mizigo kupakiwa, na pengine gari bovu lenye kuhitaji kuchukuliwa pamoja na vyombo vingine. Ingawa jambo hili ni la kawaida, istilahi tuzitumiazo kulieleza zimeachwa bila kupambanuliwa. Makala haya yanakusudia kuzichambua baadhi ya istilahi hizo, hasa zile zinazohusu gari moja kuchukua jingine nyuma yake, na kutoa mapendekezo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi.

Tukio lililozaa makala haya

Mwaka 2016, mwandishi wa makala haya alipokuwa likizoni, alimsindikiza shemeji yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akihama kutoka Songea kwenda Mbaha, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Shemeji alikodi lori. Pamoja na vitanda, makabati na magunia ya mahindi, alikuwa na gari dogo ambalo injini yake ilikuwa imekufa. Yeye na mwenye lori waliandikiana karatasi moja yenye sentensi hii: "Lori litachukua mizigo yote na kuvuta gari dogo hadi Mbaha."

Asubuhi ya safari dereva alifika na mnyororo. Alilifunga gari dogo nyuma ya lori, akamweka utingo kwenye usukani, safari ikaanza. Mwalimu alishangaa, kwa kuwa yeye alitazamia gari lake lipandishwe juu ya tela. Lakini mizigo ilikwisha kupakiwa, na jua lilikuwa linapanda, akanyamaza.

Tulipofika Mbinga, mwendo wa kilomita zipatazo 100, fundi mmoja aliyelitazama gari lile alitikisa kichwa. Lilikuwa gari otomatiki, na magurudumu yake ya mbele, ambayo ndiyo yanayoendeshwa na injini, yalikuwa yamezunguka njia nzima huku injini imezimwa. Katika magari mengi ya aina hiyo pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini isipozunguka, oili haipandi, na vyuma husagana vikavu. Giaboksi ilikuwa imeungua.

"Kaka, mimi nilijua utaleta tela," mwalimu alimwambia dereva.

"Mwalimu, tuliandikiana kuvuta, nami nimevuta," dereva alijibu.

Watu wazima waliokuwapo waliombwa kuamua. Waliisoma ile karatasi mara mbili, wakairudisha. Hakuna aliyeweza kusema kwamba dereva amevunja makubaliano, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba mwalimu amekosea kuyaelewa alivyoyaelewa. Gari liliachwa Mbinga kwa jamaa, nasi tukaendelea na mizigo. Hasara ya giaboksi ilimwangukia mwalimu peke yake, na ilipita nauli ya lori lenyewe.

Ilikuwa heri hata hivyo kwamba mvutano ulitokea pale. Kutoka Mbinga barabara hupita katika milima ya Umatengo, yenye sehemu zinazozidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka hadi Mbamba Bay, ufukoni mwa ziwa lililo kwenye mita zipatazo 475 tu. Sehemu hiyo ya kilomita zipatazo 66 wakati huo haikuwa bado na lami. Gari lililofungwa kwa mnyororo halizuiliwi na lori kwenye mteremko. Hutegemea breki zake lenyewe. Injini ikiwa imezimwa, kifaa kinachoisaidia breki huishiwa nguvu baada ya kukanyagwa mara chache, na pedali huwa ngumu kama jiwe. Utingo yule angeteremka mlima akiwa na lori mbele yake na breki isiyoshika mguuni mwake.

Upungufu wa neno "kuvuta"

Tukio hili linaonyesha kwamba neno "kuvuta" lilibeba maana zaidi ya moja, na kila upande ukachukua ile iliyoufaa. Kwa hakika neno hili lina kazi nyingi katika Kiswahili: mtu huvuta kamba, huvuta sigara, huvuta pumzi, huvuta wateja. Hueleza nguvu inayoleta kitu upande wa mvutaji. Halielezi kitu hicho kimeshikwaje, wala kama magurudumu yake yako chini au yameinuliwa.

Maneno mengine yaliyo karibu nalo ni haya:

(a) Kukokota. Hili ni kuvuta kitu kizito taratibu nyuma ya mvutaji. Kutokana nalo tumepata "mkokoteni", na mtu mchovu husemwa kuwa "anajikokota". Ni neno pana, linalofaa kwa punda na gari lake, kwa trekta na jembe lake, na hata kwa miguu ya mgonjwa.

(b) Kuburura. Hili ni kuvuta kitu kikisuguana na ardhi, kama gogo. Gari ambalo magurudumu yake hayazunguki huburuzwa. Lile ambalo magurudumu yake yanazunguka haliburuzwi.

(c) Kukwamua, au kunasua. Hili ni kulitoa gari lililozama topeni au lililotumbukia mtaroni. Kazi hii huisha mara gari linapokuwa huru, si safari.

Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalotaja barabara kabisa kile tunachokitafuta, yaani, chombo kimoja chenye nguvu kukifunga kingine nyuma yake na kusafiri nacho.

Neno tulilo nalo tayari

Kanuni ya uundaji wa istilahi inatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kutohoa kutoka lugha za kigeni. Tukiifuata kanuni hii hatutakwenda mbali. Mabaharia wa pwani wana neno "kufungasa". Jahazi lililovunjika mlingoti hufungaswa na jingine hadi bandarini. Neno hili limo katika kamusi zetu, na maana yake ni hiyo hasa tunayoitaka: chombo kukichukua chombo kingine nyuma yake kwa kukifunga.

Kulichukua neno la majini na kulitumia nchi kavu si jambo geni. "Chombo" chenyewe ni jahazi na ni sufuria. "Nahodha" huongoza meli na huongoza timu ya mpira. "Shehena" ilikuwa mizigo ya melini. Leo hupakiwa katika malori na ndege. Aidha, tendo lenyewe linajulikana vema kwa wakazi wa mwambao wa Nyasa, ambao huona mtumbwi ukifungwa nyuma ya boti yenye injini. Neno litakuwa limetoka pwani ya bahari na kufika pwani ya ziwa bila kubadili maana.

Kutokana na kitenzi hiki twaweza kupata istilahi zifuatazo, ambazo mwandishi anazipendekeza zijadiliwe kabla ya kufikishwa mbele ya kamati ya kusanifu lugha:

1. Ufungasaji: tendo la kufungasa.

2. Gari la kufungasa: lile lililo mbele, lenye nguvu.

3. Gari linalofungaswa: lile lililo nyuma.

4. Mnyororo, au kamba, ya kufungasia: kiungo kinacholegea. Hapa lazima dereva akae katika gari la nyuma, afunge breki mwenyewe, na swichi ya gari iwe imefunguliwa ili usukani usijifunge.

5. Upau wa kufungasia: chuma kigumu kinachounganisha magari mawili. "Upau" ni neno la wajenzi wa nyumba, nalo linafaa kwa kuwa hueleza kitu kirefu kisichopinda. Kiungo hiki huzuia gari la nyuma lisiligonge la mbele kwenye mteremko.

6. Kitela: kigari kidogo cha magurudumu mawili kinachobeba magurudumu ya mbele au ya nyuma ya gari linalofungaswa, na kuyaacha mengine mawili barabarani.

7. Tela: neno lililokwisha kutoholewa na kuenea, nalo libaki. Gari lililo juu ya tela, magurudumu yake yote manne yakiwa yameinuliwa, halifungaswi, hupakiwa. Kinachofungaswa hapo ni tela.

Nukta hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi wa Mbinga. Mwalimu alifikiria namba 7. Dereva alitekeleza namba 4. Kwa gari otomatiki tofauti ya namba hizi ni tofauti ya gari zima na gari lililoharibika, kwani magurudumu yanayoendeshwa na injini hayana budi kuinuliwa.

Kufungasha si kufungasa

Msomaji makini atauliza kama hatutaleta utata mpya kwa kuyaweka pamoja maneno "kufungasa" na "kufungasha". Maneno haya yana shina moja, nayo hukutana katika shughuli hii hii ya kuhama. Kufungasha ni kuweka vitu katika matita, masanduku au makasha tayari kwa safari. Ndiyo maana anayeondoka husemwa kuwa "amefungasha virago", na ndiko lilikotoka neno "vifungashio". Isitoshe, wako wasemaji wa bara ambao sauti /s/ na /sh/ hukaribiana katika matamshi yao.

Hofu hii ina msingi, lakini haitoshi kuliacha neno. Kiswahili kina jozi nyingi za namna hii: sindano na shindano, suka na shuka, saka na shaka. Watoto wetu hujifunza kuzitenganisha darasani, na muktadha huwasaidia. Lililo muhimu ni kwamba katika maandishi ya kiofisi kitenzi kisiachwe peke yake: kiandikwe "kufungasha mizigo" na "kufungasa gari". Walimu wa Kiswahili waweza kuifanya jozi hii kuwa zoezi zuri la imla.

Kukodi na kukodisha

Jozi nyingine yenye kuleta matatizo ni "kukodi" na "kukodisha". Mara nyingi magazetini na hata katika barua za serikali husomwa: "Idara imekodisha lori kwa ajili ya kusafirisha vifaa." Je, idara ndiyo yenye lori na imelitoa kwa malipo, au imelichukua lori la mtu mwingine? Kwa kanuni ya kunyambua vitenzi, anayelichukua lori kwa malipo anakodi. Mwenye lori anakodisha. Hivyo wa kwanza na aitwe mkodi, na wa pili mkodishaji. Hali kadhalika, nyumba hupangwa na mpangaji na kupangishwa na mwenye nyumba. Neno "kodi" lina maana ya ushuru wa serikali na pia ya malipo ya nyumba. Kwa hiyo katika mikataba ya nyumba ni afadhali kutumia "pango".

Tusichanganye pia "kuhama" na "kuhamisha". Mtumishi anahama, mwajiri anamhamisha, kitendo cha mwajiri ni uhamisho. Fomu ikiandikwa "gharama za kuhama" badala ya "gharama za uhamisho", mtumishi aliyehamishwa aweza kuhesabiwa kama mtu aliyehama kwa hiari yake, na madai yake yakacheleweshwa.

Kwa nini jambo hili lisingoje

Wapo watakaosema kwamba wananchi wataendelea kusema "kuvuta gari", na mafundi wataendelea kuliita gari la kazi hiyo "bredauni". Na waendelee, lugha ya mtaani ina haki yake, na mwandishi hana nia ya kumsahihisha mtu aliyeharibikiwa njiani usiku. Lakini tangu mwaka 2021, marekebisho ya sheria yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, maneno yetu yanatakiwa kubeba mzigo mpya. Mfasiri anapotafsiri sheria, hakimu anapoandika hukumu, na karani anapotayarisha mkataba, neno lenye maana tatu ni mlango ulioachwa wazi, na kwa kawaida anayeingia kupitia mlango huo si yule aliye mnyonge.

Kwa mfano, lau ile karatasi ya Songea ingeandikwa hivi, ugomvi usingetokea: "Mkodishaji atapakia mizigo yote ya mkodi iliyokwisha kufungashwa. Gari dogo litapakiwa juu ya tela, magurudumu yote manne yakiwa yameinuliwa, na tela litafungaswa na lori hadi Mbaha. Hasara itakayotokana na kufungasa kwa njia nyingine itakuwa juu ya mkodishaji." Ni sentensi tatu tu, na zote ni Kiswahili ambacho dereva yule na mwalimu yule wangeweza kukisoma na kukielewa.

Wasomaji walioko mikoani, hasa walio karibu na bandari, maziwa na barabara kuu, wanaombwa kutuletea maneno wanayoyasikia kwa utingo, mafundi na wavuvi kuhusu kazi hii. Huenda tunalolitafuta katika vitabu linasemwa kila siku ufukoni, nasi hatujakwenda kulisikiliza.