Waliomlilia Papa Francis huku kazi zikiwasubiri

Papa Francis alifariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 88. Dunia iliona makadinali, marais na umati wa watu. Wengi hawakuwaona waliokuwa wanalia huku mikono ikiendelea na kazi.

Wa kwanza ni muuguzi wake, Massimiliano Strappetti. Mwaka 2021 Papa alisema wazi kwamba muuguzi huyo ndiye aliyemwokoa maisha, kwa kumshauri afanyiwe upasuaji wa utumbo. Mwaka uliofuata akamfanya msaidizi wake binafsi wa afya. Papa alipolazwa siku 38 hospitalini Gemelli mapema 2025, Strappetti alikuwa naye.

Jumapili ya Pasaka, Papa alimuuliza kama anadhani ataweza kuzunguka uwanjani kwa gari. Akaenda, akawapungia watu, na baadaye akamshukuru kwa kumrudisha pale uwanjani. Kesho yake alfajiri, kwa mujibu wa Vatican, Papa alizidiwa mnamo saa kumi na moja na nusu. Zaidi ya saa moja baadaye alimpungia Strappetti mkono wa kwaheri, akapoteza fahamu.

Halafu? Hapo ndipo kazi inapoanza. Ni kama misiba ya kwetu tu: anayepanga viti na kukoroga uji wa wageni atalia baadaye, watu wakishaondoka.

Kifo lazima kithibitishwe, makazi ya Papa yafungwe kwa utepe na lakiri, mwili uandaliwe. Anayesimamia yote hayo anaitwa Camerlengo, na safari hii alikuwa Kadinali Kevin Farrell. Francis mwenyewe alishawapunguzia mzigo. Mwaka 2024 aliidhinisha utaratibu mpya wa mazishi ya Papa: jeneza moja tu la mbao lenye zinki ndani, badala ya matatu yaliyokuwa yanapachikwa moja ndani ya jingine.

Waliobeba jeneza wanaitwa sediari. Zamani kazi yao ilikuwa kumbeba Papa mabegani akiwa ameketi kwenye kiti maalum. Kiti hicho hakitumiki tena, na siku za kawaida wao hupokea wageni wa Papa. Fikiria: mtu uliyekuwa unamwona kazini karibu kila siku, leo unambeba, na huruhusiwi hata kuyumba.

Mwili ulilazwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro kuanzia Aprili 23 hadi 25, na watu wapatao 250,000 walipita kuaga. Usiku wa kwanza foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba milango haikufungwa usiku wa manane kama ilivyopangwa. Ilibaki wazi hadi karibu alfajiri. Maana yake walinzi na wafanyakazi wa kanisa nao walikesha. Nje, watu wa kujitolea walikuwa wakigawa maji.

Katikati ya yote hayo alitokea mtawa mfupi, mzee wa zaidi ya miaka 80, begi mgongoni. Ni Sista Geneviève Jeanningros, Mfaransa. Alitoka kwenye mstari, akasimama pembeni ya kamba karibu na jeneza, akalia. Utaratibu haukuruhusu, lakini hakuna aliyemwondoa.

Kwa nini aliachwa? Kwa miaka mingi aliishi kwenye karavani huko Ostia, karibu na Roma, akiwahudumia watu wa sarakasi na waliobadili jinsia, na alikuwa akiwapeleka kumwona Papa Jumatano. Tena kulikuwa na jambo zito zaidi kati yao. Shangazi yake, Sista Léonie Duquet, aliuawa na utawala wa kijeshi wa Argentina mwaka 1977, nchi aliyozaliwa Francis.

Tarehe 26 Aprili, baada ya misa, jeneza lilipita mitaa ya Roma hadi kanisa la Santa Maria Maggiore. Kwenye ngazi hawakusimama wakubwa. Walikuwa watu kama 40 wenye waridi jeupe mkononi: maskini, wahamiaji, wafungwa, wasio na makazi. Waliomwona Kangemi, Nairobi, mwaka 2015 hawakushangaa. Mazishi yenyewe yalikuwa ya faragha, na kaburi limeandikwa neno moja tu, Franciscus.

Kwa wafanyakazi wa Vatican, kazi iliendelea. Tarehe 2 Mei, zimamoto walikuwa juu ya paa la Kanisa la Sistine wakifunga bomba la moshi, kwani makadinali walikuwa wanaingia kupiga kura siku tano baadaye.