Kinyago kinataka kuzungukwa

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Hatua chache kutoka soko la Ruvumera, hapa Buyenzi, mfanyabiashara mmoja amejaza chumba chake vinyago vya Kimakonde. Alivinunua Mwenge, Dar es Salaam, akavipitisha Kigoma. Vimeegemezwa ukutani bega kwa bega, kama kuni. Wateja huchungulia, huuliza bei, huondoka.

Kinyago cha ujamaa, watu waliopandana kuzunguka nguzo moja, hakina mbele wala nyuma. Ukikibana ukutani umeficha nusu ya kazi ya fundi, na nadhani nusu ya bei pia.

Wapangaji wa maonyesho huanza na chumba: mlango uko wapi, mwanga unaingilia wapi, mtu atapita wapi. Nairobi Gallery, kwa mfano, ilijengwa 1913 kama ofisi ya serikali; watu walikwenda kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Leo inahifadhi hazina ya sanaa ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Jengo halikukusudiwa sanaa, kwa hiyo sanaa ndiyo inayotii kuta.

Buyenzi nako inawezekana. Vinyago vinne au vitano vibaki mbele, vingine viende stoo. Kirefu kikae katikati, juu ya kibao kifupi, mtu aweze kukizunguka bila kugusa kingine. Vidogo viinuliwe hadi usawa wa macho. Vinyago vya usoni ndivyo vya ukutani. Taa imulike kutoka ubavuni, maana mpingo ukimulikwa usoni hung'aa tu na michoro ikapotea. Jua la dirishani liepukwe, hupasua mti.

Lakini kinyago kikubwa kinachovuta wateja ndicho chenye mashaka mpakani. Tangu Januari 2, 2017, mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali. Marekebisho ya 2019 yanasamehe bidhaa zilizokamilika ikiwa mbao zake hazizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Ni mzigo wote, si kila kinyago. Kibali hutolewa na nchi mzigo unakotoka, basi kiulizwe kabla ya kulipa.

Kile kirefu kilikuwa nyuma ya mlango. Tulikipima kwa mizani ya jirani muuza mchele: kilo 14. Nilipoaga, mwenyewe alikuwa bado anatafuta karatasi yake.