Nani Anamjibu Jirani? Sayansi ya Maswali ya Kila Siku Tseikuru

Tseikuru, mji mdogo wa kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, uko kwenye nyanda kavu zinazoteremka kuelekea Mto Tana, ambako vichaka vya migunga hutenganisha boma na boma na ambako kwa baadhi ya familia safari ya kwenda zahanati humaliza nusu ya siku. Katika mazingira ya namna hii maswali ya kila siku hayamngoji mtaalamu. Mzazi hutaka kujua kama homa ya mtoto iliyoanza juzi ni ya kungoja au ya kukimbilia hospitali, mkulima huuliza kama ndengu zitiwe ardhini kabla ya mvua za Oktoba au baada ya tone la kwanza, na mpishi huuliza kama mahindi yaliyoingia ukungu yanaweza kuoshwa yakaliwa. Anayejibu huwa ni jirani, tena bila malipo, na jambo linalostahili kuchunguzwa kisayansi ni hili: ni maswali ya aina gani ambayo jirani huyajibu kwa usahihi, na ni yapi ambayo kijiji kizima kinaweza kukosea kwa pamoja?

Desturi ya kusaidiana bila ujira ina mizizi mirefu Ukambani, nchi ya Wakamba ambamo Kitui imo. Vikundi vya mwethya, yaani utaratibu wa majirani kufanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mwanachama, ndivyo vilivyochimba sehemu kubwa ya matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika vilima vya Machakos, na wanaochimba pamoja huulizana mengi wakati jembe likiendelea. Mwaka 2006 serikali ya Kenya ilirasimisha upande mmoja wa desturi hiyo kwa mkakati wa afya ya jamii, uliogawa nchi katika vitengo vya watu wapatao 5,000 na kuwapa wakazi wa kujitolea jukumu la kuzitembelea nyumba za jirani zao. Kwa miaka mingi watu hao hawakuwa na mshahara. Septemba 2023 mpango huo ulizinduliwa upya ukiwa na wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliokabidhiwa mikoba ya vifaa na simu za kuhifadhia taarifa pamoja na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka kwa serikali ya kitaifa na nusu kwa kaunti. Posho hiyo ni ndogo mno kwa kazi inayofanywa, na haitakuwa kosa kusema kwamba huduma hiyo bado inasimama juu ya moyo wa kujitolea.

Miongoni mwa vifaa vya wahudumu hao kuna kimoja ambacho thamani yake haitokani na bei, nacho ni utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Ni ukanda mwembamba wa plastiki wenye rangi tatu, unaozungushwa katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto wa mtoto mwenye umri wa kati ya miezi 6 na miaka 5, kisha ukapitishwa kwenye tundu lake na kuvutwa hadi uguse ngozi bila kuibana. Kipimo kikizidi sentimita 12.5 dirisha dogo la utepe huonyesha kijani, kikiwa kati ya 11.5 na 12.5 huonyesha manjano, na kikipungua chini ya 11.5 huonyesha nyekundu, maana yake mtoto ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu bila kukawia. Mama aliyekuwa akiuliza kama mwanawe amekonda kwa sababu ya kukua haraka au kwa sababu ya njaa hupata jibu analoliona kwa macho yake mwenyewe, wala halazimiki kumwamini mhudumu kwa maneno matupu.

Ili kuelewa kwa nini kifaa kama hicho kinahitajika, ni lazima kwanza kutambua jinsi majirani wanavyoweza kuwa hodari bila kifaa chochote. Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, wageni walishindana kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe dume baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Mwanatakwimu Francis Galton alizichunguza kadi 787 zilizosomeka, akachapisha matokeo yake mwaka uliofuata. Makisio yalipopangwa kuanzia dogo hadi kubwa, lile la katikati lilikuwa ratili 1,207, ilhali uzito halisi ulikuwa ratili 1,198, tofauti isiyofika asilimia moja. Galton, ambaye hakuwa mtu wa kuusifu umma, alikiri kwamba hukumu ya umati ilistahili kuaminiwa kuliko alivyotarajia.

Maelezo ya kihisabati ya jambo hilo yalikuwa yamekwisha kuandikwa na Mfaransa Condorcet mwaka 1785. Tuseme kila mwanakijiji ana uwezekano wa 60 kwa 100 wa kulijibu sawasawa swali la ndiyo au la. Watu 11 wakiulizwa na jibu la wengi likafuatwa, uwezekano wa kupata jibu sahihi hupanda hadi karibu 75 kwa 100, na wakiulizwa watu 101 hukaribia 98. Hata hivyo hesabu hiyo ina masharti mawili ambayo husahaulika kwa urahisi. La kwanza ni kwamba kila mtu awe na uwezekano unaozidi nusu wa kuwa sahihi, kwa kuwa ukishuka hadi 40 kwa 100, wale watu 11 watapatia kwa pamoja mara 25 tu katika 100, na kadiri umati unavyokuwa mkubwa ndivyo unavyozidi kupotea. La pili ni kwamba makosa ya watu yawe yanajitegemea, yaani kosa la mmoja lisiwe limeambukizwa kutoka kwa mwingine au kutokana na chanzo kimoja ambacho wote wamekiamini.

Swali la ndengu hutimiza masharti yote mawili. Ndengu ndizo zao la biashara la kutegemewa Kitui, na aina ya N26, ambayo wakulima huiita nailoni, hukomaa kwa takriban miezi miwili, muda unaolingana na ufupi wa mvua za kanda hiyo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani, Machakos, kinaweza kueleza mbegu ipi ikomae lini, lakini hakiwezi kujua ni mteremko upi wa Tseikuru unaohifadhi unyevu kwa wiki moja zaidi, wala ni upande upi ndovu hupitia wanapotoka mtoni. Kila mkulima amejaribu katika shamba lake, kila mmoja ameona matokeo kwa msimu baada ya msimu, na hasara ya aliyepanda mapema haikutokana na hasara ya aliyechelewa. Watu wengi Ukambani hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei, na takwimu za hali ya hewa zinawaunga mkono. Katika mambo ya aina hii, mtaalamu anayefika kwa gari asubuhi na kuondoka jioni angefanya vyema kuuliza kabla ya kujibu.

Swali la mahindi yenye ukungu ni la namna nyingine kabisa, na Ukambani ulilipia jibu lake kwa uhai wa watu. Kati ya Januari na Juni 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, wagonjwa 317 walipatikana na dalili za ini kushindwa kufanya kazi, na 125 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, au aflatoksini, ambayo hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus katika mahindi yanayohifadhiwa kabla hayajakauka vya kutosha. Sampuli za mahindi zilizochukuliwa sokoni wakati huo zilionyesha kwamba asilimia 55 zilipita kiwango cha sehemu 20 katika sehemu bilioni, na baadhi zilipita 1,000. Sumu hiyo haina rangi wala harufu ambayo mtu angeweza kuitegemea, haiondoki kwa kuoshwa, na joto la chungu cha kawaida haliivunji. Kijiji kizima kinaweza kulitazama gunia moja na kukubaliana kwamba li salama, na makubaliano hayo yasiwe na thamani yoyote, kwa sababu macho yote yanakosa kitu kilekile kwa sababu ileile.

Hata hapo itakuwa dhuluma kuyatupa majibu ya nyanya wa Kikamba kana kwamba yote ni upotovu. Muthokoi, chakula cha mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu hadi ganda likatoka, kisha kupikwa pamoja na maharagwe au ndengu, ulichunguzwa na watafiti wa Kenya katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ikaonekana kwamba kukoboa kulipunguza sumukuvu kwa karibu nusu kwa wastani. Sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye tabaka za nje za punje, na tabaka hizo ndizo zinazoondolewa na mchi. Lakini upungufu ulitofautiana sana kati ya sampuli moja na nyingine, na nusu ya kiwango cha kuua bado inaweza kuua. Nyanya anayeshauri kukoboa ana sehemu ya ukweli, na hatari iko katika kuichukua sehemu hiyo kama ukweli mzima.

Tseikuru yenyewe ina mfano mzito zaidi wa swali ambalo jamii haikuweza kulijibu peke yake. Mlipuko wa kala-azar uliozuka Kitui kuanzia mwaka 1952 uliifikia pia sehemu hii ya kaskazini. Kala-azar ni ugonjwa wa kimelea, Leishmania donovani, kinachosambazwa na usubi wa mchanga, mdudu mdogo kuliko mbu, na dalili zake ni homa isiyokwisha kwa wiki kadhaa, kukonda, na kuvimba kwa bandama. Usipotibiwa, karibu wote wanaougua hufa. Homa hufanana na malaria, na jirani aliyeulizwa alikuwa na kila sababu ya kusema ni malaria.

Watafiti Southgate na Oriedo, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1962, walionyesha kwamba ugonjwa ulishikamana na maboma yaliyo karibu na vichuguu. Mchwa hawana hatia katika jambo hili. Mashimo ya hewa ya kichuguu hutunza unyevu na joto lisilobadilika sana hata katikati ya kiangazi, na humo usubi aina ya Phlebotomus martini hupata makazi mchana na kutoka giza linapoingia. Saa hiyo ndiyo waliyokuwa wakiketi nje watu wa boma, na wanaume na wavulana kukusanyika thome, kwenye moto wao wa mazungumzo, ambako tangu zamani maswali ya ukoo, mifugo na mvua yalijibiwa. Inasikitisha kufikiri kwamba saa ya kupashana maarifa ilikuwa pia saa ya kuumwa.

Kwa hiyo umuhimu wa mhudumu wa kujitolea hauko katika kujua zaidi ya wenzake wote. Uko katika kuwa jirani anayeaminika na wakati huohuo kuwa na njia ya kukifikia kipimo ambacho macho hayawezi kukifanya. Anaposema "hilo silijui, twende kituoni", anavunja ule mnyororo wa kosa moja linalorudiwa na wengi, na jibu hilo linahitaji ujasiri mkubwa kijijini kuliko kubahatisha. Homa iliyopita wiki mbili hupelekwa ikapimwe kala-azar kwa tone la damu. Kwa mahindi kuna kipimo ambacho kila nyumba inaweza kukifanya: punje hutiwa kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, chupa ikafungwa, ikatikiswa vizuri na kuachwa itulie kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi takriban asilimia 15 na yarudi juani. Chumvi haigundui sumu iliyokwisha kuingia. Inaonyesha hali inayoikaribisha, mapema kiasi cha mtu kuweza kufanya jambo.

Maswali yenyewe nayo ni data, na hili halijathaminiwa ipasavyo. Nyumba kadhaa za kitongoji kimoja zikiuliza kuhusu homa isiyosikia dawa ya malaria, mfululizo huo ni ishara kabla hospitali haijampokea mgonjwa wa kwanza. Kati ya mwanzo wa mlipuko wa 1952 na maelezo ya 1962 kuhusu vichuguu ilipita miaka kumi, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kwenda boma kwa boma kuuliza nani aliugua, analala wapi, na jioni huketi wapi. Mhudumu wa Tseikuru anayezitembelea nyumba hizo kila mwezi anajua tayari kichuguu kiko upande gani wa boma la nani, na watoto wa boma hilo huchezea wapi jua linapotua.